Kutangulia Si Kufika

Msomaji wangu mpenzi, huenda ukacheka ukisikia kwamba mimi, mtu wa miaka hamsini na kitu, niliyezoea mkeka, kalamu na kikombe cha kahawa chungu, nilifunga safari kwenda bara kuwatazama vijana wanaoendesha pikipiki porini. Cheka, lakini unisikilize mpaka mwisho. Habari hii si ya pikipiki tu, bali ni ya watu kwenda pamoja na kurudi pamoja, na mimi mwenyewe ndimo nilimoteleza.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana wa Mombasa aliyepata kazi Nairobi. Huko alinunua pikipiki ya porini, ile ndefu yenye tairi za meno, isiyo na kiti cha abiria wala pa kufungia mzigo. Mara mbili tatu kwa mwezi hutoka na wenzake wakapita vichakani, mchangani na mawemaweni, kisha wakarudi mavumbi matupu wakicheka. Dada yangu hakupata usingizi. Siku moja akaniambia: "Kaka, mtoto ni wako kama alivyo wangu. Nenda ukawaone hao anaofuatana nao ni watu gani."

Basi Jumamosi moja ya kiangazi cha mwaka jana, saa moja na nusu asubuhi, nikajikuta Sultan Hamud.

Wengi wetu wa pwani tumeupita mji huu usiku, tumelala ndani ya basi. Ni mji mdogo wa Makueni, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, kiasi cha kilomita 110 kabla hujafika Nairobi. Lakini jina lake ni jina letu. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, mwaka ule ule Sayyid Hamud bin Muhammad alipokalia kiti cha Unguja. Yasimuliwa kwamba mwaka 1898, njia ya gari la moshi ilipofika hapo, Sultani alikuja mwenyewe kuitazama, na stesheni ikaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka 1902. Jina likabaki nyikani, baina ya Wakamba na Wamasai, mbali na bahari.

Sultani alikuja kwa behewa. Gari la moshi lina jambo moja jema: behewa la mwisho haliwezi kukosea njia, kwani limefungwa kwa chuma na la mbele yake. Waendao kwa pikipiki hawana chuma hicho. Kila mmoja ana injini yake, mwendo wake na moyo wake. Kinachowafunga ni ahadi tu.

Ahadi hiyo niliisikia asubuhi ile kwenye kituo cha petroli. Walikuwa watu tisa. Kiongozi wao alikuwa Mkamba wa makamo, fundi wa magari, aliyeanza kupanda pikipiki kabla mpwa wangu hajazaliwa. Wao walimwita kiongozi; mimi nikamwita kirangozi, kwa jina la wazee wetu. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili na ya Wakamba ilivuka nchi hii kwa miguu. Mbele alikwenda kirangozi, ajuaye njia na maji. Nyuma walikwenda wanyapara, wenye kazi ya kuangalia nani amechoka, nani anachechemea, nani ameketi chini ya mti na mzigo wake. Nilipomweleza fundi habari hii alitikisa kichwa akasema: "Mzee, kumbe sisi hatujazua kitu."

Kisha akawakusanya wenzake. Hakuanza na mwendo wala ushujaa. Alianza na maji. Kila mtu aonyeshe mfuko wake wa mgongoni, ule wenye mpira wa kunyonyea, na usipungue lita tatu. Kisha petroli: akauliza tangi la nani ndilo dogo kuliko yote, akasema safari ya leo itapimwa kwa tangi hilo, si kwa lake yeye lililo kubwa. Kisha akatazama kofia ngumu, miwani ya vumbi, glavu, viatu virefu na vikingio vya magoti. Sheria ya Kenya inamtaka kila mpanda pikipiki avae kofia ngumu na koti linalong'aa. Hawa walikuwa wamejifunga zaidi ya sheria. Vifaa vya fundi viligawanywa: huyu tyubu na pampu, yule vyuma vya kubandulia tairi na vipande vya cheni, mwingine mkoba wa dawa. Miiba ya mgunga haichagui tairi.

Baada ya hapo akawapanga. Wageni wawili, mpwa wangu akiwa mmojawapo, aliwaweka karibu na mbele, ili yeye mwenyewe aone mwendo wao kwa kioo. Wazoefu akawaweka katikati. Nyuma kabisa akamweka binti mmoja muuguzi, mtulivu, aliyekuwa amepanda pikipiki miaka kumi. Akasema: "Leo mkubwa wenu ni huyu, si mimi. Mimi kazi yangu ni kujua njia. Yeye kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu nyuma yake." Huyo nitamwita mfunga msafara.

Nikauliza wanafanyaje kwenye njia panda, maana vumbi la wa kwanza humfunika wa pili, na kila mmoja huacha nafasi kubwa ili aone anapokwenda. Akanieleza kanuni ambayo kwa wepesi wake hata mtoto wa chuoni angeihifadhi. Kirangozi akifika njia panda humsimamisha yule aliye nyuma yake mara moja, akamwonyesha kwa mkono njia ya kufuata. Mtu huyo hubaki hapo hapo, pikipiki yake ikiwa imeelekezwa kule wanakokwenda, akiwaonyesha wote wapitao. Haondoki kwa jua, haondoki kwa kiu, haondoki kwa kuona wengi wamepita. Huondoka tu akimwona mfunga msafara. Wakati huo kirangozi ameshapata mtu mwingine nyuma yake, na kwenye njia panda ijayo huyo ndiye husimamishwa. Hivyo mtu asiyeijua njia hata kidogo hawezi kupotea, na kila mmoja hupata zamu ya kuwa alama ya wenzake.

Kanuni ya pili ni ya kutazama nyuma. Kila mtu ana dhamana ya mmoja tu, aliye nyuma yake. Usipomwona, punguza mwendo; usipomwona bado, simama. Ukisimama wewe, wa mbele yako naye atakukosa, atasimama, na habari itafika mpaka kwa kirangozi bila ya mtu kupiga kelele. Kanuni ya tatu ni ya aliyepotea: asiende mbele kutafuta. Arudi kwa alama za tairi zake mwenyewe mpaka njia panda ya mwisho, na kama hawezi, akae palipo na kivuli, karibu na njia.

Mimi sikupanda pikipiki, Mungu anihifadhi. Nilipanda pikapu iliyochukua maji ya akiba, chai na mikate. Tulizunguka kwa njia ya magari mpaka mahali pa kukutania, kijiji chenye maduka matatu na mgunga mkubwa. Nikaona nami nipewe kazi. Fundi akacheka akasema: "Mzee, utatuhesabu. Tukifika tisa, tumefika."

Walivuka reli wakashika nchi ya malisho kusini, upande wa Wamasai wa Kajiado. Ni nchi nzuri. Hewa ikiwa safi waiona milima ya Chyulu imejilaza kwa mbali, ile inayonyonya mvua na kuzitoa Mzima, maji ambayo sisi wa Mombasa twayanywa. Vijana hawaendi kuvuruga huko: mbuga za wanyama si mahali pa pikipiki. Wakikuta ng'ombe njiani huzima injini mpaka wapite, na vijijini huenda pole kama wapitao mbele ya msikiti watu wakiswali.

Saa tano wakaanza kuwasili. Kirangozi wa kwanza, kisha mmoja, kisha wawili, kila mmoja na vumbi lake. Walikuwa wote rangi moja, nyekundu kutoka kofia hata kiatu. Wanakijiji wakatuzunguka, watoto wakagusa tairi. Mwishowe akaja yule binti. Akavua kofia, akanijia moja kwa moja. "Shikamoo mzee. Pale njia panda ya mti mkavu sikukuta mtu amesimama."

Nikanyanyua kidole, nikahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Nikamwambia: "Marahaba mwanangu. Usijali, wote wamekwisha fika. Nimewahesabu mwenyewe."

Binti aliniamini kwa mvi zangu. Akaenda kunywa chai.

Ilipita kama robo saa tatu. Tukapiga soga, tukagawa mikate. Kisha kijana mmoja aliyekuwa ameegemea pikipiki akaniambia: "Haya mzee, mimi nirudi kazini." Akaivuta pikipiki yake kutoka katikati ya zile nyingine, akaipiga teke ikawaka. Nikaitazama vizuri. Ilikuwa na kiti kirefu cha abiria na kichuma cha mizigo nyuma. Ilikuwa boda boda. Kijana wa kijiji alikuja kuzitazama pikipiki za wageni, akaegesha yake palipo na nafasi, nayo ikapata vumbi lile lile la nchi ile ile.

Nikahesabu tena. Nane. Na mpwa wangu hayumo.

Sitasahau ule ubaridi ulionishuka tumboni katika jua lile. Nilikuwa nimehesabu pikipiki, sikuhesabu watu. Na neno langu ndilo lililomwondolea shaka yule binti, ambaye shaka yake ilikuwa ya haki.

Vijana wote wakarukia pikipiki zao. Fundi akainua mkono. "Hakuna anayetoka. Mkitawanyika nitatafuta wanane badala ya mmoja." Akauliza: nani alisimama penye mti mkavu? Kijana mmoja akakiri. Alikuwa amesimama juani, akaona pikipiki yaja katika vumbi, akadhani ndiye wa mwisho, akaondoka. Kumbe aliyekuja alikuwa mpwa wangu, aliyechelewa kwa kutengeneza miwani yake. Alipofika panda hakuona mtu, aliona njia mbili tu. Akachagua.

Wakaondoka watatu: fundi, binti muuguzi, na mmoja katika wazoefu. Watatu si kwa bahati. Mmoja akiumia, mmoja hukaa naye, wa tatu huenda kuita msaada. Walirudi kwa njia ile ile waliyojia, pole, taa zikiwaka, ili wasigongane na mtu ajaye. Mwingine alipelekwa kwenye kilima ambako simu inashika mtandao, akae hapo hapo asubiri habari. Mimi nikabaki na chupa ya chai iliyonishinda kumeza.

Katika kungoja kule nilimkumbuka Krapf, yule mmisionari Mjerumani wa Rabai. Mwaka 1851 alifuatana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, kwenda mto Tana. Karibu na mto wakavamiwa. Kivoi akauawa, msafara ukavunjika, kila mtu akashika njia yake. Krapf akabaki peke yake nyikani. Kwa kukosa chombo akatia maji katika mitutu ya bunduki yake na katika mfuko wa darubini, akaziba mitutu kwa majani. Matawi ya vichaka yakaivuta mizibo, maji yakamwagika. Aliokoka na kurudi Rabai, lakini kwa tabu kubwa. Mtu mmoja katika nchi ile, hata akiwa na bunduki, ana kiu tu. Mpwa wangu hakuwa na bunduki wala darubini.

Nikakumbuka pia tuliyoyasoma chuoni. Sote twakijua kisa cha Mama Aisha, radhi za Mungu ziwe juu yake, jinsi kile kibanda cha juu ya ngamia kilivyonyanyuliwa na watu waliodhani yumo ndani, na msafara ukaenda zake. Hawakuwa wazembe wala wabaya. Walidhani. Na aliyemkuta alikuwa Safwan, aliyekuja nyuma ya jeshi. Tumefundishwa pia kwamba msafiri asiende peke yake, kwamba watatu ndio msafara, nao wamchague mkubwa wao. Na kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, safarini alikuwa akibaki nyuma ili awasaidie wanyonge. Miaka arubaini nimeyasikia hayo katika darsa. Siku ile ndipo nilipoyaelewa, chini ya mgunga, katika kijiji nisichojua hata jina lake.

Saa saba kasoro kidogo simu ikalia: amepatikana.

Ile njia ya kushoto ilikuwa imemshusha kwenye mto wa mchanga, mto usio na maji kiangazi chote. Gurudumu la mbele likazama, akarushwa, akaangukia bega. Mfupa wa mtulinga ukavunjika. Lakini kijana alikumbuka kanuni. Hakuendelea mbele. Alirudi kwa miguu kwa alama za tairi yake mpaka ukingoni, akaiweka kofia yake katikati ya njia ili ionekane, akaketi kivulini. Mchungaji mdogo wa Kimasai, mwenye mbuzi zake, alikuwa amekwisha kumwona, na ndiye aliyesimama njiani akawapungia wale watatu fimbo. Maji yalikuwa yamebaki funda mbili. Lita zile tatu, alizoziona mzigo asubuhi, ndizo zilizomtunza.

Tulipofika na pikapu, binti alikuwa amemlaza kwa utulivu, amekwisha muuliza kama shingo inauma, kama vidole vina ganzi. Hakuruhusu mtu kumnyanyua kwa pupa. Akaomba kitambaa. Nikavua kikoi nilichojitanda begani, akamfungia mkono kifuani kwa fundo ambalo hata nahodha angelisifu. Tukampeleka hospitali.

Jioni nilimpigia dada yangu. Nilikuwa na maneno mengi mazuri ya kujikinga, na mshairi hakosi maneno. Nikayaacha. Nikamwambia: "Dada, mtoto ameumia bega, atapona inshallah. Aliyesimama vibaya yupo, lakini aliyemwacha jua limwakie ni mimi. Nilisema wametimia, na hawakutimia." Akanyamaza kitambo. Kisha akasema: "Haya. Rudi nyumbani ujifunze kuhesabu."

Nimejifunza. Na wale vijana wamejifunza nami. Sasa mfunga msafara wao huvaa koti la manjano, na mwingine yeyote haruhusiwi kuvaa rangi hiyo, ili anayesimama njia panda asimdhanie mtu mwingine. Kila wasimamapo, kila mmoja hutaja jina lake kwa mdomo wake. Hakuna anayemtajia mwenzake. Na mfunga msafara akisema "sikukuta mtu", watu wote husimama, hata kama mzee mwenye mvi anaapa kwamba wametimia.

Msomaji, huenda wewe hutapanda pikipiki ya porini maisha yako yote. Lakini pikipiki zimejaa kwetu. Tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea kodi zile ndogo mwaka 2008, hakuna kitongoji kutoka Lamu hadi Vanga kisichokuwa na boda boda, na hakuna harusi isiyosindikizwa na vijana wakipigana mbio kuona nani atatangulia mbele ya gari la bibi arusi. Tunakwenda maulidini kwa mabasi, mazikoni kwa magari ishirini. Nani anayefunga msafara? Nani anayetaja majina? Mara ngapi tumesikia "wote wamo, twende", na bibi kizee mmoja amebaki chooni kwenye kituo cha petroli?

Wazee walisema kutangulia si kufika. Mimi nilidhani wanawaonya wenye haraka. Sasa naona walikuwa wakieleza hesabu: wa kwanza akifika, amefika mmoja tu.

Mpwa wangu amepona, na amerudi kwenye pikipiki yake. Mama yake amekubali, kwa sharti kwamba asiende na watu wasiohesabiana. Nami nimemwandikia ubeti mmoja, naye ameubandika juu ya tangi la petroli, mahali anapopaona kila ashikapo usukani:

Mwenye mbele angalia, nyuma yako nani yuko,
Si mbio za kusifia, mwenzio akiwa huko,
Kaa kumsubiria, hapo ndipo zamu yako,
Msafara hutimia, akishafika mwenzako.